Kuku wa kuzungushwa anaweza kuwa mbichi ndani

Ujumbe huu umerudi tena kwenye magrupu ya Arusha na Moshi: funga mota ya kuzungusha kuku juu ya mkaa, ngozi ikishakuwa kahawia pande zote, ameiva mpaka ndani. Si kweli. Kuzungusha kunasawazisha moto wa nje, na mafuta yanayotiririka yanaing'arisha ngozi. Hapo ndipo macho hudanganyika. Ndani huchelewa, hasa pajani karibu na mfupa. Chomeka kipimajoto hapo bila kugusa mfupa, kisome angalau 74°C. Kwa kuku mzima mota hiyo ya kuzungusha inafaa kweli, inaupumzisha mkono. Kwa mishikaki sioni haja. Tafadhali msiusambaze ujumbe huo, kuku asiyeiva anaweza kuwa na salmonela, bakteria wanaoumiza tumbo.