Kazi 24, saa 12

Mtu akiniletea orodha ya kazi zilizomlemea, sianzi na vipaumbele. Namwambia aandike saa mbele ya kila kazi, kisha ajumlishe. Msimamizi mmoja wa miradi alijumlisha nikimtazama: kazi 24, saa 96. Nikamuuliza, ukishatoa vikao, simu na barua pepe, wiki inakubakishia saa ngapi? Akafungua kalenda, akahesabu siku moja moja. Kumi na mbili. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi itabidi niwe naamka mapema."

Jibu hilo nalisikia kila mara. Tumezoea kuamini kwamba kazi zikipangwa vizuri zitaenea. Lakini neno lenyewe linatukumbusha: kipaumbele ni kukipa kitu mbele, na vyote vikiwa mbele, hakuna kilichotangulia.

Hesabu yake haina huruma. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni ya foleni ambayo kwa lugha ya mezani ni hii: kazi ulizoshika, gawanya kwa kazi unazomaliza kwa wiki, utapata wastani wa wiki ambazo kila kazi inakaa kwako, ilimradi kazi mpya zinaingia kwa kasi ileile ambayo za zamani zinatoka. Msimamizi huyu alikuwa anamaliza tatu kwa wiki. Maana yake wastani wa wiki nane kwa kila ombi. Kasi ya kumaliza haipandi kwa kutaka tu. Kinachoweza kushuka leo hii ni ile 24.

Na hizo saa 96 zenyewe ni za matumaini. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu watamaliza tasnifu zao baada ya siku ngapi. Wastani wa makadirio ulikuwa siku 34 hivi. Zikawachukua karibu 56. (Mimi ninayefundisha haya niliwahi kuipa ripoti moja siku mbili, ikala wiki nzima.)

Tukakata. Kazi tisa zilifutwa bila ubishi, maana hakuna aliyekumbuka nani aliziomba. Sita zilikuwa na wenyewe, na hapo ndipo kalamu iligoma. Rasimu yake ya kwanza kwa mmoja wao ilisema, "Nitaliangalia nikipata nafasi." Nikamwomba aifute. Ni kauli ya adabu, lakini inamweka mwenzako kwenye foleni isiyosogea, naye hatafuti msaada kwingine kwa sababu anakungoja wewe. Akaandika upya: "Hii sitaweza kuifanya. Kama bado unaihitaji, mpe mtu mwingine sasa." Alisita muda mrefu kabla ya kubonyeza kutuma.

Jibu la kwanza lilirudi kabla hatujafunga kalenda: "Hiyo? Nilishaifanya mwenyewe mwezi uliopita."