Je, wajua kwa nini seremala wa Kijapani hahitaji jiliwa?

Meza ya seremala tunayoijua ni nzito, inafika kiunoni, na pembeni ina jiliwa la kubania mbao. Sasa fikiria fundi wa jadi wa Kijapani. "Meza" yake ni boriti moja nene iliyolazwa kwa mwinamo: ncha moja imeegemea ukuta au nguzo, nyingine imepandishwa juu ya kiegemeo cha miguu. Kiegemeo hicho Wajapani hukiita uma, yaani farasi. (Kwetu uma ni wa mezani, lakini tuendelee.)

Fundi huyu hana jiliwa kwa sababu ya upande zana zake zinakoelekea. Randa ya kwetu husukumwa. Ukisukuma kwa nguvu, meza nyepesi nayo itatambaa sakafuni, ndiyo maana tunaitaka iwe na uzito. Randa ya Kijapani, kanna, huvutwa. Fundi huiweka mbali, kisha hurudi kinyumenyume akiivuta kwa kiuno na miguu, si mikono peke yake. Ubao umegota kwenye kijiti kidogo kilichopigiliwa mwisho wa boriti, upande randa inakoelekea. Kadiri anavyovuta, ndivyo ubao unavyozidi kujikaza hapo. Boriti nayo imeegemea ukuta ili isimfuate.

Kwa kazi ndogo anatumia atedai, ubao mnene wenye vijiguu viwili unaokaa chini kabisa sakafuni. Hapo fundi huketi, au huinama akakanyaga mbao kwa unyayo huku anakata. Jiliwa lake ni mguu wake. Katika nchi ambako watu walikula, wakaandika na kulala sakafuni juu ya mikeka, kufanyia kazi chini hakukuwa jambo la ajabu.

Msumeno nao unafuata mkondo huo huo. Chukua ukanda mwembamba wa bati: ukiusukuma unajikunja, ukiuvuta unanyooka wenyewe. Msumeno wa kusukuma lazima uwe mnene ili usipinde. Wa Kijapani unakata wakati wa kuvutwa, hivyo bamba lake linaweza kuwa jembamba sana, na mbao inayopotea kuwa vumbi ni kidogo. Ule uitwao ryoba una meno pande zote mbili: upande mmoja wa kupasua kufuata nyuzi, mwingine wa kukata kukingama.

Sasa, usidhani kwamba boriti hiyo ni ya kuokota tu. Mimi naona ugumu wote umehamia hapo. Uso wake lazima uwe umenyooka barabara, maana ubao mwembamba ukilala juu ya boriti iliyobonyea nao utabonyea, na randa itaruka sehemu. Wajapani wana mkutano wa mafundi uitwao Kezuroukai, ulioanza mwaka 1997, ambako watu hushindana kutoa maranda (vipande vinavyotolewa na randa) membamba kuliko yote, mengine yakiwa chini ya mikroni 10 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Unywele wa mtu ni mnene mara kadhaa kuliko hapo. Kwa unene huo, kosa dogo la boriti linaonekana.

Kuna faida nyingine: wepesi wa kuhama. Seremala wa mahekalu na nyumba alifanya kazi palepale jengo linaposimama. Boriti na viegemeo vilipatikana kutokana na mbao za jengo lenyewe, zana zikabebwa sandukuni.

Je, fundi wa mtaani kwetu akiipata boriti hii? Randa yake ya kusukuma itafanya kazi, ila itabidi asimame ng'ambo ya pili, ili asukume kuelekea kile kijiti. Akisimama pale anaposimama Mjapani, ubao utateleza mpaka uanguke.