Upanga kupinda si hoja

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na msomi kabisa: panga za Wayoruba, watu wa kusini-magharibi ya Nigeria, si walizipata kwa Waarabu? Ushahidi wake ni kwamba zimepinda. Basi. Sisi wa pwani tumekulia kati ya majambia na panga za Kimanga, tukiona chuma kimekunja mgongo tayari tumeshafika Maskati.

Kwanza, idà, upanga wao mkuu wa vita, kwa kawaida haujapinda. Una makali pande mbili, mwembamba karibu na mpini, halafu unapanuka kuelekea nchani mfano wa jani. Ukiushika tu, mkono unavutwa mbele, kwa sababu uzito umekimbilia huko. Kinga ya mkono hauna. Huo ni upanga wa kufyeka mtu, si wa kumchoma. Àdá ni panga la shamba lililoingia vitani, sina la kuongeza.

Uliopinda ni agedengbe: mrefu, makali upande mmoja. Na hapa ndipo hoja ya wenzetu inapojikwaa. Upanga uliotamba kwenye njia za Sahara hadi nchi ya Wahausa ni takouba, nao umenyooka, una makali pande mbili na kinga iliyokingama mbele ya mpini. Kama Wayoruba waliiga kutoka kaskazini, mbona waliacha umbo lote wakachukua mpindo ambao haukuwepo?

Wengine huona udamalore, upanga wa mji wa Kiyoruba wa Owo, uliochongwa kwa pembe ya ndovu na usioweza kukata hata nyanya, wakatangaza kwamba panga zote hizo ni mapambo. Huo ni wa heshima ya wakubwa. Idà ulimwaga damu, ingawa kufikia vita vya Kiriji, vya Wayoruba wao kwa wao, 1877 hadi 1893, bunduki ndizo zilizotamba, na hata jina la vita ni mlio wa silaha za moto.

Kinachonisumbua mimi ni chuma chenyewe. Wayoruba waliyeyusha chao, lakini meli za Ulaya nazo zilishusha vipande vya chuma Afrika Magharibi kwa karne kadhaa. Mhunzi akishakifua, jicho halitofautishi. Nikikuta kibao cha makumbusho kimeandika “chuma cha kienyeji” bila kipimo cha maabara, naguna.

Na ukiniletea upanga wa Ilorin, mji wa Wayoruba uliotawaliwa na emiri na wapanda farasi wake tangu karne ya 19, hapo nitakusikiliza habari za kaskazini. Ila anza na mpini na kinga, mpindo uache mwisho.