Nywila za Ofisi ni Mali ya Nani?

Julai 2008, jiji la San Francisco nchini Marekani lilijikuta halina funguo za mtandao wake lenyewe. Mtandao haukuzimika, kazi ziliendelea. Ila nywila alikuwa nazo mtu mmoja tu, msimamizi aliyeujenga, na alipotakiwa azitoe alikataa. Aliwekwa mahabusu, na bado akakaa nazo siku kadhaa, hadi meya mwenyewe alipomfuata huko ndani ndipo akazitaja. Mwaka 2010 alihukumiwa kifungo cha miaka 4.

Na hakuwa kanjanja. Alikuwa na CCIE, cheti cha juu cha kampuni ya Cisco ambacho mafundi wa mitandao wanajua jasho lake. Ndiyo maana sisi tunaoshughulika na viwango vya kazi hii huwa tunasita mwajiri anapotuuliza swali moja tu: "Ana cheti gani?"

Wenye kazi walianza kulifikiria jambo hili zamani. Mwaka 1992 wasimamizi wa mifumo wa Marekani waliunda chama chao, SAGE, chini ya USENIX, jumuiya ya wataalamu wa kompyuta. Mwaka uliofuata, wenzao wa Australia nao wakaunda cha kwao. SAGE kiliandika majukumu kwa ngazi, kuanzia anayeanza hadi mwandamizi, kwa kuwa waajiri walikuwa hawajui wamtarajie msimamizi afanye nini wala wamlipe kiasi gani. (Ofisi nyingi za kwetu bado humwita "mtu wa kompyuta" na kumtuma abadilishe wino wa printa.) Yakafuata maadili, na kifungu kimoja kina uzito wa pekee: taarifa binafsi za watu zifunguliwe pale tu kazi ya kiufundi inapolazimu. Mwenye nywila kuu anaweza kusoma barua pepe za mkurugenzi usiku wa manane, na mkurugenzi asijue kamwe.

Kulazimisha usajili wa mafundi kwa sheria ni mzozo mwingine. Kenya ilipoletewa mswada wa namna hiyo mwaka 2016, vijana wengi waliojifunza wenyewe waliupinga, wakihofia kufungiwa mlango. Kwa maoni yangu hofu yao ilikuwa na msingi.

Lakini ofisi yako haihitaji kusubiri bunge. Nywila kuu zijulikane na watu wawili, nakala yake ikae kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya sefu. Kila badiliko kwenye seva liandikwe: nani, lini, kwa nini. Nakala rudufu za data zijaribiwe kwa kurejeshwa kweli, maana kuziona kwenye orodha hakutoshi. Januari 2017 fundi wa GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandishi wa programu mtandaoni, alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata iliyokuwa ikitumika, wakagundua kwamba njia zao 5 za kuhifadhi nakala hazikuwafaa. Kilichowaokoa ni nakala ambayo fundi huyohuyo aliichukua saa 6 kabla, kwa ajili ya majaribio mengine kabisa.