Sosi ya saladi ya nyumbani: anza na namba iliyo kwenye chupa ya siki

Geuza chupa ya siki iliyopo jikoni kwako usome maandishi madogo ya nyuma. Utakuta asilimia, mara nyingi 4 au 5. Hicho ni kiasi cha asidi ya asetiki kilichomo. Kinachobaki karibu chote ni maji. Wengi wanaokuja kutuuliza kuhusu sosi za saladi huanza na swali la mafuta gani wanunue. Sisi huwarudisha kwanza kwenye siki, maana ndiyo inayoamua ukali wa sosi na usalama wake, na ndiyo inayoaminiwa kupita kiasi.

Siki nyingi nyeupe za bei nafuu ni asidi ya asetiki iliyochanganywa na maji, na lebo husema hivyo. Kwa kachumbari inatosha kabisa, ila haina harufu yake yenyewe. Siki ya kuchachuka ni kitu kingine. Wenyeji wa pwani wanaijua ile ya tembo la mnazi: hamira za asili hula sukari ya tembo na kuifanya kilevi, kisha bakteria waitwao asetobakta, wakipata hewa, hukigeuza kilevi hicho kuwa asidi. Ladha yake ina kina ambacho siki ya kuchanganywa haikifikii. Kasoro yake ni moja: siki ya kienyeji haina namba kwenye chupa. Itumie kwa saladi ya leo, lakini usiitegemee kuhifadhi achari ya miezi.

Kuna pia asidi ya asetiki isiyopunguzwa, inayouzwa kwenye maduka ya kemikali. Wapo wanaoinunua wakaipunguze nyumbani kwa kukisia, ili waokoe shilingi chache. Asidi hiyo huunguza ngozi, macho na koo. Siki ni ya kununuliwa ikiwa siki.

Sasa vipimo. Wapishi wa Kifaransa hufuata mafuta sehemu 3 kwa siki sehemu 1. Kipimo hicho kinafaa majani laini ya saladi. Kwa kabichi, karoti na hoho, na kwa sisi tuliozoea kukamulia ndimu kila kitu, naona 2 kwa 1 ndiyo inayokubali. Kwa saladi ya watu wanne chukua siki vijiko 2 vya chakula, chumvi robo kijiko cha chai, haradali ya kopo kijiko 1 cha chai, asali nusu kijiko cha chai na pilipili manga. Weka vyote hivyo kwenye chupa ya jamu iliyooshwa ikakauka, ukoroge mpaka chumvi iyeyuke. Mafuta, vijiko 4 vya chakula, yaingie mwisho. Mpangilio huu una sababu yake: chumvi huyeyuka kwenye siki, haiyeyuki kwenye mafuta. Ukianza na mafuta, punje zake zitabaki chini ya chupa na saladi itakuwa chapwa hapa, chumvi kali pale.

Funga kifuniko utikise kwa nguvu. Tazama chupa kwenye mwanga. Yale matabaka mawili yamepotea, na badala yake una kitu kizito cha rangi ya maziwa ya njano, kinachoacha utando kwenye kioo. Mafuta yamevunjika kuwa matone madogo mno, na haradali imeyazunguka isiyaache yarudiane. Bila haradali, sosi ile ile hujitenga baada ya dakika chache tu, na hapo tiba ni kutikisa tena. Kama haradali haipo nyumbani, siagi ya karanga kijiko kimoja cha chai hufanya kazi hiyo hiyo, na kwa kabichi mimi naipenda zaidi. Ukitumia karanga, mwambie mgeni kabla hajala. Wapo wanaodhurika nazo.

Mafuta ya zeituni si lazima. Alizeti inatosha. Ile ya kukamuliwa kwenye mashine ndogo za Singida na Dodoma ina harufu nzito, basi ichanganye nusu kwa nusu na iliyosafishwa. Mafuta ya ufuta ni ya matone, si ya vijiko. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo sosi yake ikitoka kwenye friji huwa mabonge. Mawese yaliyosafishwa yana tabia hiyo hiyo.

Anayepunguza uzito hutaka kuondoa mafuta yote. Kijiko kimoja cha chakula kina kilokalori 120 hivi, kwa hiyo tahadhari yake naielewa. Lakini mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, walilisha watu saladi ya mchicha wa kizungu, nyanya na karoti, safari moja yenye sosi isiyo na mafuta, safari nyingine yenye mafuta. Bila mafuta, mwili haukuchukua karibu chochote cha karotenoidi, zile rangi za mboga ambazo baadhi yake mwili hugeuza kuwa vitamini A. Punguza kijiko, usiondoe.

Ndimu inachukua nafasi ya siki bila taabu, ila harufu yake hufifia ikilala, basi ikamue siku ile ile. Ukwaju uliolowekwa na kuchujwa hutoa sosi nzuri ya tango na embe bichi.

Nikae kidogo kwenye kitunguu saumu, kwa sababu hapa ndipo watu hujidhuru bila kujua. Kitunguu saumu kibichi kikizamishwa kwenye mafuta na chupa ikaachwa mezani, hewa haifiki, asidi haipo, na vijidudu vya udongoni vinavyosababisha ugonjwa wa botulizimu hupata mahali pa kuzaana na kutoa sumu. Mafuta hayabadiliki rangi wala harufu. Mwaka 1985 mjini Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua kwa kula kitunguu saumu cha mafuta kilichokaa bila kuwekwa kwenye friji. Kiponde siku ya kula, kianze kuingia kwenye siki, na kilichobaki kikae kwenye friji siku 3 au 4, si zaidi. Sosi isiyo na kitunguu wala majani mabichi hudumu humo wiki nzima. Asiye na friji atengeneze ya mlo mmoja.

Mayonizi ya mayai mabichi siishauri kwa watoto, wajawazito, wazee wala wateja wa mama lishe. Siki ya vijiko viwili haiui kwa uhakika salmonela, vijidudu vya mayai mabichi vinavyoharisha. Mtindi mzito, siki kidogo, chumvi na giligilani hukupa sosi nyeupe nzito bila hofu hiyo.

Na siki haioshi mboga kwa niaba yako. Nyanya na majani ya kachumbari huoshwa kwa maji salama yanayotiririka kabla ya kukatwa, hata kama siki itamwagwa kama mvua. Wala usiichanganyie kwenye sufuria la alumini, kwani asidi hulila. Bakuli la kioo au la udongo uliong'arishwa ndilo lake. Wanaokunywa siki ya tufaha kavu kavu kila asubuhi wanaumiza meno. Kwenye saladi wataipata yote.

Chumvi na siki hukamua maji ya mboga, majani yakalegea ndani ya robo saa. Kwa shughuli ya watu wengi, beba sosi kwenye chupa yake na mboga kwenye beseni lake, uchanganye pilau ikianza kupakuliwa.