Si figo, mama: dhana potofu kuhusu mgongo na kitambi

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Figo zangu ndiyo basi tena.”

Alikaa ukingoni mwa kiti, mkono mmoja kiunoni, akaanza kutoa vitu kwenye kikapu na kuvipanga mezani. Bahasha kubwa ya picha ya eksirei. Pakiti mbili za diklofenaki, dawa ya maumivu, moja imebaki nusu. Mkanda mpana wa kufunga mgongo. Boksi la chai ya kupunguza tumbo, limechorwa msichana mwenye kiuno cha nyigu. Ana miaka 46, anauza vitumbua Mbagala, na siku hiyo mizani ilisoma kilo 84.

Mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba hapa Dar es Salaam. Kikapu kama kile nakiona karibu kila wiki, kimebebwa na mtu mwingine. Wanaokibeba siwalaumu hata kidogo. Kinachoniuma ni maneno waliyouziwa pamoja na vitu hivyo, kwa sababu pale mezani ilikuwa imelala faida ya vitumbua vya miezi mitatu, na mgongo bado unauma.

“Kiuno kikiuma, ni figo”

Hii ndiyo naisikia kuliko zote. Figo ziko juu zaidi ya pale watu wengi wanapoweka mkono: chini ya mbavu za mwisho, moja kila upande. Zikiingiwa na maambukizi, mtu hupata homa, hutetemeka kwa baridi, na mara nyingi hukojoa kwa maumivu. Jiwe la figo likianza kushuka, maumivu huja kwa vipindi, makali, yakielekea kinenani, na hakuna mkao unaoyatuliza. Ya mama huyu yalikuwa chini kabisa, usawa wa mkanda wa sketi. Yalizidi akiinama, yalipoa akitembea. Maumivu yanayofuata mkao namna hiyo kwa kawaida ni ya misuli na viungo vya mgongo wenyewe.

Tena ugonjwa sugu wa figo hauna tabia ya kubisha hodi kwa maumivu ya kiuno. Huja kimyakimya, na hugunduliwa kwa kupima kreatinini, taka ambayo figo huichuja, kwenye damu na protini kwenye mkojo. Wanaopaswa kupimwa kwanza ni wenye sukari na wenye presha, kwa kuwa hayo mawili ndiyo yanayoharibu figo za watu wengi zaidi, hata kama mgongo wao haujawahi kuuma siku moja.

Sasa tazama kilichokuwa kinatokea. Kwa kuogopea figo zake, mama huyu alikuwa anameza diklofenaki mbili kwa siku, wiki ya saba, zilizonunuliwa dukani bila cheti. Dawa hiyo hutuliza maumivu kwa kuzuia mwili usitengeneze kemikali zinazoleta uvimbe. Lakini kemikali hizo hizo husaidia kuacha wazi mishipa midogo inayopeleka damu kwenye figo. Siku chache, kwa mtu mwenye afya, si tatizo kubwa. Wiki baada ya wiki, kwa mtu mwenye presha kama yeye, dawa hiyo inaweza kupandisha presha zaidi, kuchimba vidonda vya tumbo na kuzielemea zile figo anazozihurumia. Baadhi ya dawa za presha zikichanganywa nayo, hatari inaongezeka.

Tulimtuma akapime. Majibu yalikuja mazuri. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Kumbe nilikuwa naziua mwenyewe.” Nikamwambia, bado mama, tumewahi.

“Picha imeonyesha pingili zimesagika”

Neno “kusagika” limewalaza watu wengi kitandani kuliko ugonjwa wenyewe. Mtu akilisikia anaona mifupa inayogeuka unga, na kuanzia siku hiyo haokoti hata kijiko kilichoanguka. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu 3,110 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Kati ya wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa tayari na diski zilizochakaa, yaani vile vimto laini vilivyo kati ya pingili. Kwa wenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Hawa wote walikuwa watu wazima wa afya, hawalalamiki. Mabadiliko hayo ni kama mvi, yanakuja na umri, na kuyaona kwenye picha hakuthibitishi kuwa ndiyo yanayouma. Eksirei, kwa upande wake, haionyeshi misuli wala mishipa ya fahamu. Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 90 ya maumivu ya mgongo wa chini hayana ugonjwa mmoja unaoweza kunyooshewa kidole. Picha ina kazi yake pale penye dalili za hatari, nami nitazitaja.

“Pumzika, lala sakafuni, funga mkanda”

Mwaka 1995 huko Helsinki, watumishi wa jiji waliopatwa na maumivu ya ghafla ya mgongo waligawanywa: wengine walale siku mbili, wengine wapewe mazoezi maalumu, wengine waendelee na shughuli zao kadiri wanavyoweza kuvumilia. Waliopona upesi ni hao wa mwisho. Mgongo unaolazwa hukakamaa, misuli hulegea, na woga huongezeka. Maumivu mengi ya ghafla hupungua sana ndani ya wiki chache.

Godoro gumu nalo limesifiwa mno. Mwaka 2003, Hispania, watu 313 wenye maumivu sugu walipewa magodoro, wengine magumu, wengine ya ugumu wa wastani. Waliopata nafuu zaidi ni wa ugumu wa wastani. Basi babu aliyezoea jamvi na analala vizuri aachwe na jamvi lake, ila usimtoe mgonjwa kitandani ukamlaze sakafuni kwa jina la tiba.

Kuhusu mkanda: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini haupendekezi mikanda hiyo. Unapendekeza kumwelimisha mgonjwa na mazoezi, miongoni mwa mengine.

Nilimwomba mama anionyeshe anavyokaa kazini. Akavuta kistuli kifupi cha kupandia kitandani, akakaa magoti yakiwa karibu na kifua, mgongo umepinda kama upinde. Mkono wa kulia ukawa unageuza vitumbua hewani kwa kijiti, wa kushoto ukiifuata ndoo ya unga wa mchele. Saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu, bila kuinuka, kwa miaka kumi na miwili. Hakuna mkao mmoja ulio mbaya peke yake. Kukaa mkao mmoja saa nne mfululizo, hapo ndipo mgongo unapolalamika. Tukakubaliana jiko lipandishwe juu ya matofali, apate kiti cha kawaida, na kila matundu saba ya chuma yakiiva asimame, anyooshe mikono juu, akae tena. Nyumbani alale chali, akunje magoti na kuinua kiuno mara kumi, na atembee. Mkanda alirudi nao kikapuni, hakuuhitaji tena.

“Ni ile sindano ya mgongo ya uzazi”

Nilijua litakuja. Mtoto wake wa tatu alizaliwa kwa upasuaji, na shoga zake wote wanaamini sindano ya ganzi ya mgongoni huacha maumivu ya maisha. Wapo kina mama wanaoikataa chumba cha upasuaji wakiomba nusu kaputi, kwa hofu hii tu. Kwa hiyo naomba nieleweke vizuri.

Sindano hiyo huchomwa chini ya pale uti wa mgongo, ile kamba ya mishipa ya fahamu iliyo ndani ya pingili, unapoishia. Uti kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na sindano hupita chini yake. Mahali ilipoingia panaweza kuuma siku kadhaa, na wengine hupata kichwa kikali kinachozidi wakiketi, ambacho wanapaswa kukitaja mara moja. Kuhusu maumivu ya muda mrefu, utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia wanawake 369 baada ya kujifungua, waliopangiwa ganzi ya mgongoni wakati wa uchungu na waliopangiwa njia nyingine. Migongo ya makundi hayo haikutofautiana.

Mbona basi mgongo unauma baada ya uzazi? Kwa sababu mimba huvuta misuli ya tumbo na kulegeza viungo vya nyonga, na wajawazito wengi huumwa mgongo hata kabla ya kuona sindano. Kisha linakuja la kuinama kunyonyesha, kubeba mtoto, kufua nguo kwenye beseni, na usiku usio na usingizi. Ukimtwisha lawama zote yule daktari wa ganzi, mzazi anabaki anasubiri sindano “itoke mwilini”, na hakuna anayemwonyesha jinsi ya kurudisha nguvu ya tumbo na kiuno.

“Chai hii inayeyusha kitambi”

Mengi ya machai haya hufanya kazi kwa sababu yametiwa sanamaki, mmea unaomfanya mtu aharishe. Sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati nguvu ya chakula imekwisha kufyonzwa huko nyuma, kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na madini kama potasiamu. Mizani inashuka kilo moja au mbili, mtu anafurahi, anakunywa maji, zinarudi. Akiendelea miezi mingi, potasiamu ikishuka sana, moyo unaweza kudunda ovyo. Kujifunga nailoni tumboni na kukimbia ni hadithi hiyo hiyo ya maji. Maji ya limao asubuhi hayana ubaya, lakini hakuna mafuta yanayoyeyushwa nayo.

Mazoezi ya tumbo peke yake pia hayachagui kitambi. Mwaka 1971 huko Marekani walipimwa wachezaji wa tenisi, ambao mkono mmoja unafanya kazi kubwa kwa miaka. Misuli ya mkono wa raketi ilikuwa mikubwa zaidi, lakini mafuta chini ya ngozi yalilingana mikono yote miwili. Mwili unachota akiba yake kwa mpangilio wake wenyewe.

“Acha ugali wa sembe, kula dona, haliongezi unene”

Gramu 100 za unga, uwe sembe au dona, zina kalori zinazokaribiana, 350 hivi. Dona lina faida ya nyuzinyuzi na linashibisha, kwa hiyo ni zuri, ila tonge kubwa ni tonge kubwa. Kwa mama huyu ugali haukuwa shida. Tulihesabu pamoja: chai vikombe vitatu, kila kimoja vijiko vinne vya sukari, sawa na gramu 48 hivi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asivuke gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ikiwezekana 25. Kisha soda moja ya mililita 350 mchana, gramu nyingine 37 hivi. Kisha vile vitumbua vilivyovunjika, visivyouzika, anavyovila kimoja kimoja bila kuvihesabu. Na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori kama 120.

Ile soda peke yake ina kalori 150 hivi, ambazo mtu wa kilo 70 huzitumia kwa kutembea takriban nusu saa. Ndiyo maana kutembea bila kugusa chakula hupunguza uzito kidogo tu. Tembea kwa ajili ya mgongo, moyo, sukari na usingizi, angalau dakika 150 kwa wiki, na uzito uutafute zaidi kwenye kikombe na sahani. Nusu kilo kwa wiki inatosha. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2002, kwa zaidi ya watu 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari, uliweka lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Waliopangiwa lengo hilo walipata kisukari kwa asilimia 58 pungufu ya wasiopangiwa. Asilimia 7 ya kilo 84 ni kilo sita hivi. Haimfanyi mtu awe na kiuno cha nyigu, na wala hakuna haja.

Alikuwa na hofu moja aliyoitaja kwa sauti ya chini: “Nikikonda watasema nina ule ugonjwa.” Hofu hii ni ya kweli mitaani kwetu, ambako “umenenepa” bado ni salamu ya heri. Nilimwambia aliyekonda kwa kupunguza sukari anajua sababu yake, na nguvu zake zipo. Anayepaswa kushtuka ni anayepungua bila kujaribu.

Mwezi wa pili alipokuja, kilo zilikuwa 81 na diklofenaki alikuwa ameacha. Alimleta jirani yake, kijana wa bodaboda mwenye maumivu ya mgongo ya miezi minne, ili nimwonyeshe “yale ya kuinua kiuno”. Nikamuuliza maswali ninayomuuliza kila mtu. Je, haja ndogo au kubwa inakutoka bila kujua, au imegoma? Una ganzi sehemu za siri na mapajani ndani? Miguu inaishiwa nguvu? Uliwahi kupata saratani? Uliumia ajalini? Homa za jioni, jasho la usiku, kupungua? Kwenye hilo la mwisho akainua mkanda wa suruali, akanionyesha tundu jipya alilotoboa kwa msumari, la tatu tangu mgongo uanze. Usiku anabadilisha fulana mara mbili. Katikati ya mgongo palikuwa na kinundu kilichouma nilipokigusa.

Kifua kikuu hushika mifupa ya mgongo pia, na dawa zake hutolewa bure kwenye vituo vya serikali. Kijana huyo sikumpa zoezi hata moja. Nilimwandikia barua ya hospitali, na mama muuza vitumbua akaenda naye mchana ule ule.