Usafirishaji kwenye utando wa seli: kwa nini ORS ina sukari

ORS ni unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji kumnywesha anayeharisha, ili arudishe maji mwilini. Pakiti yake ya lita moja ina vitu vinne tu: chumvi ya kawaida gramu 2.6, kloridi ya potasiamu, sitrati ya sodiamu, na glukosi gramu 13.5. Kwa miaka mingi nilidhani hiyo glukosi imetiwa ili mtoto asiteme. Kumbe utamu si hoja kabisa. Itoe, mpe mgonjwa wa kipindupindu maji ya chumvi matupu, na sehemu kubwa ya alichokunywa itaishia kwenye ndoo. Sababu iko kwenye kile wanabiolojia wanachokiita usafirishaji kwenye utando wa seli, yaani jinsi vitu vinavyoingia na kutoka ndani ya seli.

Tuanze na utando wenyewe. Ndio mpaka wa seli, nao ni mwembamba ajabu: unene wake ni kati ya nanomita 5 na 10, kiasi kwamba inabidi upange tando kama elfu kumi ndipo ufikie unene wa karatasi moja ya daftari. Umejengwa kwa safu mbili za mafuta yaitwayo fosfolipidi. Kila molekuli ya mafuta haya ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia, hivyo zinajipanga zenyewe: vichwa vinatazama nje na ndani ya seli kwenye majimaji, mikia inajificha katikati. Hakuna anayezipanga. Ni tabia ileile inayofanya mafuta yaelee juu ya mchuzi badala ya kuchanganyika nao.

Kwa kuwa katikati ya utando ni mafuta, vitu vinavyoelewana na mafuta hupenya bila shida. Oksijeni hupita, kaboni dioksidi hupita, pombe hupita, hata homoni kama estrojeni. Vinasafiri kutoka vilikojaa kwenda vilikopungua, basi. Hiyo ndiyo difusheni. Lakini sodiamu na potasiamu, ambazo ni ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, hugota hapo. Glukosi nayo ni kubwa mno, tena inapenda maji kupita kiasi. Hata maji yenyewe hupenya kwa kujivuta. Kama utando ungekuwa mafuta matupu, seli ingekufa njaa huku chakula kiko mlangoni.

Milango ni protini, zilizochomekwa kwenye utando toka upande mmoja hadi mwingine. Nyingine ni mifereji, matundu yanayochagua nani apite. Mfereji wa maji, akwaporini, una kisa kinachonifurahisha. Mwaka 1992 Peter Agre na wenzake huko Baltimore, Marekani, walichukua protini waliyoikuta kwenye seli nyekundu za damu wakaifanya ijengeke ndani ya mayai ya chura. Mayai ya chura kwa kawaida hukaa kwenye maji baridi bila kuvimba. Yale yenye protini hiyo yalivimba na kupasuka ndani ya dakika chache. Mlango wa maji ulikuwa umepatikana, na Agre akapata Nobeli mwaka 2003.

Nyingine ni vibebaji. Hizi hazina tundu la wazi. Hushika mzigo upande mmoja, hujikunja, kisha huuachilia upande wa pili. Kuna benki zenye milango miwili ya vioo, ule wa ndani haufunguki mpaka wa nje ujifunge. Kibebaji hufanya kazi hivyohivyo. Glukosi huingia kwenye misuli kwa njia hii, na kazi mojawapo ya insulini ni kuamuru vibebaji hivyo vitoke ndani ya seli vikae kwenye utando. Insulini isipokuwepo, sukari hubaki kwenye damu ikizunguka tu.

Mpaka hapo seli haijatumia nishati yoyote, maana kila kitu kinateremka, toka penye wingi kwenda penye uchache. Huo ni usafirishaji tulivu. Usafirishaji amilifu ni wa kupandisha mlima, nao unagharimu. Mfano mkuu ni pampu ya sodiamu na potasiamu, iliyogunduliwa na Jens Christian Skou wa Denmark, ambaye mwaka 1957 alichapisha kazi aliyoifanya kwa neva za miguu ya kaa. Kwa kila molekuli moja ya ATP, ambayo ndiyo mafuta ya kuendeshea kazi za seli, pampu hii hutoa sodiamu tatu nje na kuingiza potasiamu mbili ndani. Haipumziki, hata ukilala.

Kwa nini seli ihangaike hivyo? Fikiria nyumba yenye tangi la maji juu ya mnara. Umeme unalipia kazi moja tu, kupandisha maji. Baada ya hapo bomba la jikoni, la bafuni na la uani yote yanatiririka bila umeme, kwa sababu maji yanataka kushuka. Pampu ya sodiamu ndiyo inayojaza tangi. Kwa kuwa nje ya seli sodiamu ni nyingi na ndani ni chache, daima inatafuta upenyo wa kurudi, na seli huitoza nauli: ingia, lakini njoo na mtu.

Sasa turudi kwenye utumbo mwembamba. Kwenye ukuta wake kuna kibebaji kiitwacho SGLT1, ambacho huingiza sodiamu mbili pamoja na glukosi moja. Kimoja kikikosekana, hakivushi mzigo. Robert Crane alilieleza wazo hili mwaka 1960 kwenye mkutano mjini Prague. Sodiamu na glukosi zikishaingia, hutolewa upande wa pili kuelekea kwenye damu, na maji huzifuata kwa osmosisi. Osmosisi unaijua, hata kama hukuwahi kuiita hivyo: vitunguu vya kachumbari ukivinyunyizia chumvi, baada ya muda bakuli lina maji ambayo hukuyatia. Chumvi imeyavuta toka ndani ya seli za kitunguu.

Sumu ya bakteria wa kipindupindu inachofanya ni kulazimisha mifereji ya kloridi kwenye utumbo ikae wazi. Kloridi inamwagika nje, sodiamu inaifuata, maji yanafuata vyote viwili, na mgonjwa mahututi anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Ila sumu hiyo haigusi SGLT1. Mlango wa kutokea umevunjwa, wa kuingilia bado mzima, na ufunguo wake ni glukosi pamoja na chumvi.

Jambo hili lilijaribiwa kwa wingi mwaka 1971 kwenye kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko Bangaon, India. Dripu zilikuwa zikiisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua wagonjwa wanyweshwe mchanganyiko wa glukosi na chumvi, na ndugu zao ndio wakawa wanawanywesha. Vifo vikashuka kutoka kama asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Kipimo ndicho watu wengi wanachokosea. Nyumbani pasipo na pakiti, ni lita moja ya maji safi, sukari vijiko vya chai sita na chumvi nusu kijiko, vyote vya kusawazisha, si vya kujaza kilima. Nimeona mtu akimimina pakiti ya lita moja kwenye chupa ya nusu lita, eti dawa iwe kali. Hapo kachumbari inatokea tumboni: mchanganyiko mzito unavuta maji toka mwilini kuja kwenye utumbo, na mtoto anazidi kuharisha. Soda na juisi zenye sukari nyingi hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana mwaka 2002 WHO na UNICEF walipunguza glukosi na chumvi kwenye pakiti, ikawa nyepesi kuliko ile ya zamani.